Namna ya Kupeleka Kompyuta Kijijini na Kuondoka Salama

Hongera. Andiko lako limepita, mfadhili ameweka saini, na kuanzia Julai una miaka miwili, Land Cruiser nyeupe na jukumu la kukomboa kijiji kizima kwa teknolojia ya habari na mawasiliano. Mwongozo huu ni kwa ajili yako, ndugu mratibu. Haukufundishi kuleta maendeleo. Vitabu vya somo hilo viko tele, vingi vimegawiwa bure kwenye semina na mpaka leo havijatoka ndani ya mikoba yake. Huu unakusaidia kufika Juni ya mwaka wa pili ukiwa na picha nzuri, hesabu zilizonyooka na sifa za kuombea fedha nyingine.

Anza na jina. Kijiji kitapatikana baadaye. Jina liwe neno la Kiswahili lenye matumaini, lisizidi silabi nne, maana mfadhili atalitamka mbele ya kamera: Nuru, Amka, Inuka, Tumaini. Ukitanguliza herufi e na kistari, watu watajua ni mradi wa kompyuta. Ukitanguliza m na kistari, watajua ni wa simu. Nembo iwe na jua linalochomoza. Ukikuta jua limeshachukuliwa na mradi wa jirani, weka mbuyu.

Kijiji chenyewe kiwe mbali, ila si mbali sana. Vumbi linahitajika kwa ajili ya picha, lakini wageni lazima wawe wamerudi hotelini kabla ya magharibi. Kilomita 12 kutoka lami zinatosha kabisa.

Ukishapata kijiji, fanya utafiti wa mahitaji. Vifaa uwe umeshaviagiza, kwa sababu meli hukawia, na utafiti ukitangulia unaweza kuleta majibu yasiyolingana na vifaa. Waite watu chini ya mwembe, wape soda, waulize wanahitaji nini. Watataja maji. Watataja dawa zisizopatikana zahanati, mizani ya pamba inayopunja, ng'ombe walioingia mashambani na daraja lililochukuliwa na masika. Usishtuke. Hitaji lolote, likiandikwa na mtaalamu, ni uhaba wa taarifa. Asiye na maji amekosa taarifa za maji. Aliyekosa dawa hajaunganishwa na mfumo. Na huyo anayepunjwa kwenye mizani, tatizo lake ni kutojua bei ya pamba katika soko la dunia; akishatumiwa kwa ujumbe mfupi, ataendelea kupunjwa akiwa na uelewa.

Kutakuwa na bibi mmoja, hakosekani, atakayenyoosha mkono mwishoni, soda zimeshaisha na watu wanajikung'uta vumbi. Atauliza: "Mwanangu, huo mtandao wenu utatupandishia maji mpaka huku juu?"

Inama kidogo unapojibu. "Shikamoo, bibi. Swali zuri sana hilo. Mtandao utatuwezesha kubadilishana uzoefu na vijiji vingine visivyo na maji."

Kwenye ripoti andika: wanawake walishiriki kikamilifu katika mjadala.

Kuhusu vifaa, usijichoshe kubuni. Jifunze kwa wakubwa. Nicholas Negroponte, mmoja wa waanzilishi wa Media Lab ya chuo cha MIT, alitangaza mwaka 2005 kompyuta ya mtoto ya dola 100, chini ya mpango ulioitwa One Laptop per Child. Novemba ya mwaka huo aliionyesha Tunis, kwenye mkutano wa dunia kuhusu jamii ya habari, Kofi Annan akiwa pembeni yake. Ilikuwa ya kijani, na ubavuni ilikuwa na mkono wa njano wa kuzungusha ili ijizalishie umeme yenyewe. Mkono ukang'oka palepale. Mashine zilizokuja kutoka kiwandani hazikuwa na mkono, na bei nayo haikuwa dola 100, ilikaribia 200.

Hayo yasikukatishe tamaa. Peru peke yake ilinunua zaidi ya 800,000. Mwaka 2012 watafiti wa Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika walitoa matokeo ya kupima shule 319 za vijijini huko: kompyuta zilikuwa zimeongezeka kweli, zaidi ya moja kwa kila mwanafunzi, na alama za hesabu na lugha zilikuwa palepale. Isome sentensi hiyo tena kwa jicho la mratibu. Kompyuta zimeongezeka! Hicho ndicho kiashiria. Alama za hesabu, nani alikutuma uziandike kwenye andiko?

Kenya nayo ina somo, ila ndani yake mna hatari. Katika kampeni za 2013 muungano wa Jubilee uliahidi kompyuta kwa kila mtoto anayeingia darasa la kwanza. Zabuni ikaingia kwenye mvutano mpaka ikafutwa, miaka ikapita, na vifaa vilipoanza kufika mashuleni mwaka 2016 vilikuwa vishikwambi. Aliyeingia darasa la kwanza mwaka wa ahadi alikuwa ameshafika la nne. Mpaka hapo mambo yalikwenda kwa utaratibu unaokubalika. Kosa lao ni kwamba walikumbuka umeme. Shule za msingi zaidi ya 20,000 ziliunganishwa ili vifaa viwe na pa kuchajiwa, na vipo vilivyoishia kabatini chini ya kufuli, lakini umeme haufungiwi kabatini. Shule zikabaki na taa. Manufaa ya namna hii, yasiyokuwamo kwenye andiko, huwa hayana safu yake kwenye jedwali la matokeo, na mkaguzi hapendi kitu kisicho na safu.

Wewe nunua paneli nne za sola na betri, uzifunge kwenye paa la shule. Fedha ya betri nyingine usiitenge, kwa kuwa betri itakufa mwaka wa tatu na mradi wako ni wa miaka miwili. Katika uhai wake itafanya kazi nyingi: simu za walimu, redio ya mtendaji, mashine ya kunyolea ya kijana wa jirani, na siku ya Simba na Yanga, televisheni. Kompyuta zitapata kitakachobaki.

Hapo njia panda, hatua chache kutoka shuleni, utaona kibanda cha mabati chenye paneli moja iliyonunuliwa kwa fedha ya ufuta. Usikidharau, ila usikikaribie. Ndani kuna ubao uliopigiliwa misumari, waya zinaning'inia, na simu zimepangwa mezani kama dagaa juani, kila moja imebandikwa kipande cha plasta chenye maandishi ya kalamu: Mama Zawadi. Mzee Salumu. Fundi baiskeli. Nyingine imeandikwa "Deni", na hiyo haitoki mpaka mwenyewe alete hela. Kijana mwenye kibanda anachaji, anauza vocha, anaweka na kutoa pesa, anajaza nyimbo kwenye memori kadi. Simu iliyotumbukia kwenye ndoo anaifungua, anaisugua kwa mswaki mkuukuu uliolowa spiriti, anaianika, jioni inaita. Ufundi huo aliupata kwa kufumua simu mbovu moja baada ya nyingine mpaka zikaacha kumshinda.

Usimwajiri. Hana cheti, hana barua ya utambulisho, na ripoti ya robo mwaka hajawahi kuiona. Zaidi ya hapo, ukimwingiza kwenye mradi mashine zitakuwa zinapona, na makao makuu watauliza kwa nini fungu la mtaalamu wa matengenezo kutoka mjini halikutumika.

Intaneti iwe ya angani. Mkongo wa SEACOM uliofika Dar es Salaam na Mombasa Julai 2009 uliifaa pwani hii sana, lakini ni waya tu uliolala chini ya bahari, na hakuna mgeni rasmi anayeweza kupiga nao picha. Kitu kinachopaa kina mvuto. Tarehe 1 Septemba 2016 Mark Zuckerberg alikuwa Nairobi, akala ugali na samaki kwa Mama Oliech, na siku hiyohiyo setilaiti ambayo kampuni yake iliitegemea kuipa Afrika intaneti ikateketea pamoja na roketi yake huko Florida, kabla hata ya kuondoka ardhini. Picha za samaki zilitoka vizuri. Julai 2020 Loon, kampuni ndugu ya Google, ikaanza kutoa intaneti Kenya kwa maputo yaliyoelea juu sana angani, wakishirikiana na Telkom. Januari 2021 ikatangaza kwamba inafunga. Miezi sita hivi! Mradi wako wa miaka miwili, ukiupima hapo, una sifa zote za kuitwa endelevu.

Programu ziwe za Kiingereza. Ni kweli kwamba mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uswidi walitoa Jambo OpenOffice, mtu aandike barua yake na apige hesabu zake kwa Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho. Lakini mkulima akielewa menyu siku ya kwanza, siku ya pili na ya tatu za mafunzo utazifanyia nini?

Mafunzo yenyewe yasikusumbue. Posho ilipwe siku ya mwisho, mchana. Na wa kumfundisha zaidi ni yule mwalimu kijana, mchangamfu, aliyekwisha kuandika barua ya kuomba uhamisho.

Sasa tufike kwenye uzinduzi, na hapa nakuomba utulie, kwa sababu uzinduzi ndio mradi. Yaliyotangulia ni maandalizi, na yatakayofuata ni kufagia. Tenga fedha za turubai, viti vya plastiki, spika, maji ya chupa ya meza kuu, na fulana na kofia zenye jua lako linalochomoza. Kwenye fulana usibane matumizi. Kompyuta zitakufa, betri itakufa, lakini miaka kumi baadaye utakutana na mtu analima amevaa nembo ya mradi wako, na hakuna tathmini itakayokupa ushahidi mzito wa kudumu kuliko huo. Kibao cha barabarani nacho kiwe cha chuma, miguu yake imiminiwe zege. Kipange nembo za wote waliochangia, ya wizara juu, ya mfadhili kubwa kuliko zote, ya kijiji kama nafasi itabaki.

Wanafunzi wapangwe mstari juani kuanzia saa mbili asubuhi. Mgeni rasmi atafika saa sita na nusu. Ngoma zichezwe, kwaya iimbe wimbo uliotungwa na mwalimu wa muziki ukitaja majina ya wafadhili mmoja mmoja kwa sauti nne. Halafu mwenyekiti wa kijiji asome risala. Hapa uwe macho. Risala uliipitia wewe mwenyewe na ukaiondoa aya ya maji, lakini mwenyekiti ni mtu mzima, ataisoma aya hiyo kwa kichwa. Mgeni rasmi anajua la kufanya: atasema changamoto ameipokea, atapigiwa makofi, mkutano utaendelea.

Jenereta la kukodi liwashwe nyuma ya darasa, mbali na kamera, kwa sababu siku hiyo kutakuwa na mawingu. Chagua mtoto wa picha mapema: awe mdogo kuliko kiti, sare safi, kidole kwenye kibodi, mgeni rasmi ameinama begani kwake anatabasamu. Hakikisha kompyuta imewaka. Kuna miradi imeumbuka kwa kioo cheusi katika ukurasa wa kwanza wa ripoti ya mwaka. Mkasi wa kukatia utepe uujaribu usiku uliotangulia.

Baada ya hapo, kwa miezi yote iliyosalia, mradi uitwe wa majaribio. Majaribio hayashindwi, hutoa mafunzo. Ukimaliza hapa, hamia wilaya nyingine ukajaribu kitu kilekile kwa jina lingine. Usijali kama jirani yako anajaribu hichohicho katika zahanati hiyohiyo na muuguzi huyohuyo, simu tatu za miradi mitatu zikiwa mfukoni mwake na kila moja inataka ripoti yake ya Ijumaa. Waganda tu ndio waliwahi kuchoka hadharani. Januari 2012 Wizara ya Afya ya Uganda iliagiza miradi ya afya ya kielektroniki isimame hadi ikaguliwe na kupewa kibali, ioanishwe na mipango ya wizara, mifumo iweze kusomana. Omba sana ugonjwa huo usivuke mpaka.

Hatari kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni watumiaji. Wana tabia ya kuchukua kitu na kukitumia kwa shida zao. Serikali ya Uingereza, kupitia idara yake ya maendeleo ya kimataifa, ilichangia karibu pauni milioni moja katika jaribio la Vodafone na Safaricom. Wazo lilikuwa safi: wakopaji wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo, warejeshe mikopo yao kwa simu. Jaribio likaanza mwaka 2005, Thika ikiwa mojawapo ya sehemu zake, wakopaji wakapewa simu na maelekezo. Badala ya kulipa marejesho na kutulia, wakaanza kulipana wao kwa wao kwenye biashara, kuwatumia ndugu zao, na kuweka hela kwa wakala kabla ya safari ili wakaitoe mwisho wa safari, wasiporwe njiani.

Mratibu makini angewafungia huduma. Hawa wakawasikiliza! M-Pesa ilipofunguliwa kwa umma Machi 2007, marejesho ya mikopo yalikuwa yamewekwa kando na tangazo likabaki na jambo moja tu, kutuma pesa nyumbani. Mwaka uliofuata ikaingia Tanzania. Wala hiyo shida hakuna mtaalamu aliyeigundua. Watu walikuwa wameshajitafutia dawa wenyewe: unanunua vocha mjini, unaikwangua, unamsomea namba mwenye duka kijijini, naye anampa mama yako fedha taslimu baada ya kukata chake. Kilichofanywa na kampuni ni kuwafuata watu kule walikokuwa tayari wanakwenda, na kuwalipa mawakala kwa kila muamala ili wafungue kila asubuhi bila kusubiri semina.

Lakini tazama hasara yake. Leo mama lishe analipwa kwa simu, na hana habari kwamba aliwahi kuwa mnufaika. Hakuna kibao, hakuna fulana, na jina la mfadhili halitajwi kwenye kwaya yoyote.

Kitu kikishashika namna hiyo, serikali nazo hutambua kwamba maendeleo yamefika. Uganda ilianza Julai 2018 kutoza shilingi 200 kwa siku kwa anayetaka kuingia WhatsApp na mitandao mingine ya kijamii. Tanzania ilileta tozo za miamala ya simu Julai 2021. Kelele zikapigwa nchi nzima, na Septemba zikapunguzwa kwa asilimia 30. Mradi wako hautafika huko. Hakuna anayetoza kodi chumba kilichofungwa.

Imebaki ripoti. Waliofikiwa wahesabiwe kwa moyo mkunjufu: wanakijiji wote, pamoja na wale wa vijiji vitatu vya jirani waliosikia spika siku ya uzinduzi. Aliyeingia chumba cha kompyuta mara tano ni watu watano. Waliokuja kuchaji simu ni watumiaji wa kituo. Kama kuna kijana alitazama video za muziki mchana kutwa, ameongeza ujuzi wa kidijitali. Tathmini ya mwisho mpe rafiki yako mliyesoma naye, mtu muungwana, ambaye mwaka juzi ulimfanyia tathmini yake. Ataandika kwamba mradi ulifanikiwa sana, kwamba changamoto ilikuwa uelewa mdogo wa jamii, na kwamba panahitajika awamu ya pili. Mtafiti Kentaro Toyama, aliyeshiriki kuanzisha maabara ya Microsoft huko Bangalore, aliandika mwaka 2015 kitabu kizima akisema teknolojia hukuza nia na uwezo ambao watu tayari wanao, basi. Kitabu hicho usikiweke kwenye marejeo. Mfadhili anaweza kuuliza nia iliyokuzwa kwenye mradi wako ilikuwa ya nani.

Siku ya kuondoka, kabidhi kituo kwa jamii. Neno ni hilo, kukabidhi. Linahamisha paneli, madeni ya mlinzi na bili ya intaneti kwa sahihi moja. Mwenyekiti atasaini, mtendaji atapiga muhuri, nakala moja itakwenda wilayani. Bibi wa maji atakuja kukuaga, maana ana adabu kuliko sisi sote, na atakufungia karanga. Zipokee. Ufunguo wa chumba mwachie mwalimu mkuu, na akikuomba namba yako ya simu, mpe ile ya ofisi ya mradi, ambayo laini yake inafungwa tarehe 30 Juni.